Lenzi Kuukuu na Karatasi ya Nyanya

Usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii tumeiandika sana katika insha zetu, na wakati mwingine, tuseme ukweli, tumeichomeka hata pale ambapo haikualikwa. Leo, wasomaji wapenzi, naomba niieleze kwa jambo nililoshiriki mwenyewe. Nataka kuzungumzia lenzi za kamera za zamani, zile ambazo watu huzitupa au huziuza kwa kilo pamoja na vyuma chakavu. Nataka kueleza jinsi zinavyopiga picha za karibu kabisa kwa mwanga usioonekana na jicho la binadamu. Nitaeleza pia jinsi picha moja ya aina hiyo ilivyokata kesi iliyokuwa imetusumbua nyumbani kwetu Makueni kwa miaka. Tangu tufungue muhula, wenzangu bwenini hawajaniacha nipumue. "Ati ni kweli uliona kupitia wino?" Naam, ni kweli. Someni.

Kwanza tuanze na mwanga wenyewe, maana maji hufuata mkondo. Sote tumesoma katika Fizikia kwamba mwanga wa jua ukipita katika mche wa kioo hugawanyika rangi kama upinde wa mvua. Mwaka 1800, mwanaastronomia William Herschel, mzaliwa wa Ujerumani aliyeishi Uingereza, aliweka vipimajoto katika rangi hizo ili apime joto la kila moja. Kimoja akakiweka nje ya rangi nyekundu, pale ambapo jicho halikuona chochote. Lo! Hicho ndicho kilichopanda zaidi. Akatambua kwamba kuna miale mingine pale, isiyoonekana. Siku hizi miale hiyo huitwa infraredi, yaani iliyo chini ya nyekundu. Jicho letu hukomea karibu na nanomita 700. Kamera ya dijitali, kwa asili yake, huweza kuona hadi karibu nanomita 1,000, ila watengenezaji huweka kioo maalumu mbele ya kihisio ili kuizuia miale hiyo isiharibu rangi za picha. Kioo hicho kikitolewa, kamera hufunguka macho ikaona ambayo sisi hatuyaoni.

Mwaka 1910 mwanafizikia wa Marekani, Robert Wood, alionyesha ulimwengu picha zilizopigwa kwa miale hiyo. Mbingu ilikuwa nyeusi ti, na majani ya miti meupe pe pe pe. Sababu ni kwamba jani bichi hula mwanga mwekundu kwa ajili ya kujitengenezea chakula, lakini miale ya infraredi huirudisha, kwa maana seli zake na nafasi za hewa zilizo ndani huitawanya. Mimi nilipolitazama jani la mwembe kwa njia hiyo, karibu kabisa, lilikuwa jeupe kama pamba na mishipa yake imechorwa kama ramani ya mito ya mchanga ya Kitui. Si mchezo tu huu. Setilaiti za Landsat, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka 1972, hupima majani ya nchi nzima kwa kulinganisha mwanga mwekundu na infraredi. Taarifa za ukame zinazotolewa na mamlaka ya kitaifa ya kudhibiti ukame, zikitaja hali ya malisho Kitui na Makueni, hutegemea hesabu ya namna hiyo.

Sasa niingie kwa mjomba. Ndugu yake mama alikuwa na studio ya picha hapa Kitui mjini. Wakati wake watu walipanga foleni: picha za vitambulisho, harusi, ubatizo, hata wanafunzi wa shule hii walikwenda kupiga picha za kumaliza shule wakiwa wameshika maua ya plastiki. Simu za kamera zilipoingia, biashara ikaanza kudidimia kama jua la magharibi. Mwishowe akafunga. Vifaa vyake akavitia katika kasha la mbao chini ya kitanda, na kila mara mkewe akimwambia, "Wewe, hiyo takataka yako utaitoa lini?" yeye hujibu, "Ngoja kidogo, siku yake itafika."

Ndani ya kasha hilo mlikuwa na lenzi tatu. Ile anayoipenda zaidi ni Helios 44-2 ya milimita 58, iliyotoka na kamera aina ya Zenit kutoka Umoja wa Kisovieti. Lenzi hiyo ilitokana na muundo wa Wajerumani ulioitwa Biotar. Shingo yake ni skrubu ya milimita 42, kwa hiyo unaizungusha tu kama kifuniko cha chupa. Ilitengenezwa kwa wingi sana, ndiyo maana haina bei kubwa. Uzuri wake ni kwamba kila kitu ni cha mkono. Unazungusha pete moja kupata ukali wa picha, na nyingine kufungua au kubana tundu la mwanga. Lenzi nyingi za kisasa hungoja umeme wa kamera ndipo zibane tundu, kwa hiyo ukizitenganisha na kamera kwa bomba tupu zinakuwa kama mtu aliyezirai. Hii ya mzee hata uifunge kwenye mkebe itafanya kazi.

Na kweli tuliifunga karibu na mkebe! Sikilizeni siri ya picha ya karibu. Lenzi ikisogezwa mbali na kamera, kitu kilicho mbele yake huonekana kikubwa zaidi. Ukisogeza lenzi ya milimita 58 mbele kwa milimita 58 nyingine, kitu hutua ndani ya kamera kwa ukubwa wake halisi. Ukisogeza milimita 29, hutua kwa nusu ya ukubwa wake. Kwa hiyo mjomba alikata kipande cha bomba la plastiki la maji, akakiunganisha na pete za skrubu kwa gundi, basi. Ila mwanga hupungua. Kwa ukubwa halisi unabaki na robo tu, kwa hiyo lazima uiache kamera wazi kwa muda zaidi na uisimamishe imara, isitikisike hata kidogo.

Ndani ya bomba alipaka masizi ya chungu. Nikamwuliza, "Mjomba, si plastiki yenyewe ni nyeusi?" Akacheka. "Nyeusi kwa macho yako," akasema. "Kwa infraredi, vitu vingi vyeusi ni vyeupe. Masizi hayabadiliki. Masizi ni meusi huku na meusi kule." Maneno hayo yakumbukeni, wasomaji, maana ndiyo ufunguo wa hadithi yote.

Halafu kuna kichujio cha kuzuia mwanga wa kawaida na kupitisha infraredi peke yake. Cha dukani kina bei. Mjomba alitumia mikia ya filamu za rangi, ile sehemu iliyoungua na mwanga kisha ikasafishwa ikawa nyeusi kama usiku wa kiza. Alikata vipande viwili akavipanga pamoja. Rangi za filamu hiyo huzuia mwanga tunaouona lakini infraredi hupenya. Picha hupoteza ukali kidogo, lakini haikugharimu hata ndururu. Ila msijaribu kwa filamu ya rangi nyeusi na nyeupe, maana hiyo ina madini ya fedha ndani yake na fedha huzuia miale yote.

Mambo mengine matatu niliyafunza daftari langu. La kwanza, infraredi haikutani pale pale unapokutana mwanga wa kawaida. Lenzi nyingi za zamani zina alama nyekundu ubavuni ya kurekebisha jambo hilo, lakini kwa picha za karibu ni afadhali kutazama kioo cha nyuma ya kamera na kusogeza polepole. La pili, baadhi ya lenzi huweka doa jeupe katikati ya picha ukibana tundu sana, kwa sababu miale hurukaruka baina ya vioo. Moja ya zile tatu ilikuwa na ugonjwa huo, na dawa yake ilikuwa kufungua tundu zaidi. La tatu, balbu za LED hazifai kitu hapa, kwani hazitoi infraredi ya maana. Jua linafaa, balbu ya kizamani ya waya inafaa, na hata koroboi ina infraredi tele.

Likizo ya Agosti tulianza kwa majaribio ya mchezo. Soda nyeusi ndani ya glasi ilionekana kama maji ya kisima. Sweta langu jeusi likawa la kijivu cha kupauka, utadhani limefuliwa miaka kumi. Kisha nikaandika jina langu kwa penseli kwenye karatasi na mjomba akamwaga juu yake wino wa buluu wa chupa. Kwa macho hapakuwa na jina tena. Kwa kamera, wino ulitoweka na jina langu likabaki peke yake, wazi kama mchana. Nilibaki kinywa wazi. Penseli ni kaboni, ndugu ya masizi. Wino wa buluu ni rangi tu ya kuyeyushwa, na infraredi huipita kama haipo.

Hapo ndipo nilipoikumbuka karatasi ya nyanya.

Nyumbani kwa baba ni Makueni, upande wa Wote, kando ya Mto Kaiti. Tuna kipande cha shamba kule bondeni ambacho babu alikipata kwa jirani mwaka 1984. Mwaka huo ukame ulikausha kila kitu, na wazee wetu wa miaka hiyo ya 80 wana njaa waliyoiita Nikw'a ngwete, yaani ninakufa na pesa mkononi, kwa kuwa chakula hakikupatikana hata kwa mwenye pesa. Jirani alipata chakula kwa babu, na babu akapata shamba. Waliandikiana kwa mwandishi aliyekuwa akikaa na taipureta nje ya ofisi. Wote wawili sasa ni marehemu. Baba alipanda pale miembe 22 ya kupandikizwa, na miembe hiyo, ndugu zangu, ndiyo iliyonilipia karo tangu Kidato cha Kwanza.

Shida ni kwamba watoto wa jirani walisema shamba liliwekwa rehani tu, halikuuzwa. Sisi tulisema liliuzwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, lakini sisi daftari tulikuwa nalo! Nyanya alikuwa ameihifadhi karatasi katika sanduku la bati. Bahati mbaya, zamani shangazi akiwa mtoto wa shule alimwagia wino wa buluu, na wino ukatua katikati, pale penye masharti. Juu palisomeka majina na tarehe. Chini palisomeka mashahidi na alama za vidole gumba. Katikati palikuwa na doa la upana wa kama sentimita 9. Kila mtu alijaza doa lile kwa maneno aliyoyapenda. Maneno hayo yalikuwa yameanza kuwa makali, maana maofisa wa kupima mashamba walikuwa wakitarajiwa, na vijana wa pande zote mbili walishaanza kutazamana kwa jicho la pembeni.

Nilimwomba baba ruhusa. Alikubali haraka, kwa sababu hakuwa na shaka hata chembe. Mjomba akaabiri matatu pamoja nami kutoka Kitui, tukapitia Machakos hadi Wote, kasha lake mapajani kama yai. Nyanya alimkaribisha mkwe kwa heshima zote, akamkalisha kivulini, akamletea isio. Kisha akanitazama mimi, maana tunaitana wajina. "Wajina," akasema, "hiyo mashine yako itanisomea maneno ya mzee wangu?" Nikamjibu, "Nyanya, itasoma yaliyopo. Haiwezi kuongeza wala kupunguza."

Tuliilaza karatasi juu ya meza uani, tukaifunika kwa kioo kisafi cha fremu ili inyooke. Kamera tuliifunga juu yake kwa mbao, ikitazama chini. Tuliacha jua la saa nne liingie kwa ubavu ili kioo kisimeremete. Kwa bomba la milimita 29, picha moja ilifunika upande wa kama sentimita 4 na nusu kwa 3, hivyo tulipiga picha 6 kulifunika doa lote, kila moja ikiingia kidogo katika eneo la mwenzake. Picha hutoka nyekundu zote, ukiondoa rangi inabaki nyeusi na nyeupe. Mjomba alipomaliza kuilenga lenzi, akarudi nyuma hatua mbili. "Mimi ni mkwe hapa," akaniambia kwa sauti ya chini. "Kusoma ni kazi yenu wenyewe."

Nikasoma. Wino ulikuwa umeyeyuka kama ukungu wa asubuhi na herufi za taipu zimesimama moja moja, hata ile e iliyokuwa ikipanda juu kuliko wenzake. Utepe wa taipureta ulikuwa na masizi, na masizi hayabadiliki. Mistari ilisema kwamba mwenye shamba atarudishiwa shamba lake siku atakayorudisha ng'ombe jike mmoja na magunia mawili ya mahindi.

Moyo ulinienda mbio kama saa mbovu. Wale jirani walikuwa wakisema kweli. Miembe yetu 22 ilikuwa imesimama katika shamba la rehani. Nilimtazama mjomba, lakini yeye alikuwa akitazama mlima kwa mbali kana kwamba hajawahi kuuona. Baba alikuwa amekwenda kuteka maji. Karatasi ilikuwa ya nyanya, basi nikamsomea nyanya kwanza, polepole, mara mbili. Alinyamaza kitambo kirefu. Kisha akasema, "Ng'ombe namkumbuka. Alikuwa mwekundu, ana baka jeupe shingoni. Mzee hakuniambia kama ni wa kwenda na kurudi."

Baba aliporudi alisoma mwenyewe kwenye kioo cha kamera. Aliuliza kama inawezekana mashine kukosea. Nikamwonyesha karatasi yangu ya majaribio, ile yenye jina langu la penseli chini ya wino. Alizunguka nyumba mara moja, akarudi, akasema, "Picha hizi hazijaonwa na mtu mwingine, sivyo?" Hakuna aliyemjibu. Nyanya ndiye aliyevunja kimya. "Mwanangu, mumewe yule mama alikufa akisema neno hilo hilo. Tulimwita mwongo. Peleka kwa wazee." Baba aliinamisha kichwa. Kesho yake alivaa koti lake la kanisani, akazipeleka picha pamoja na karatasi yenyewe kwa wazee wa ukoo na kwa naibu wa chifu.

Kesi ilisikizwa chini ya mkuyu. Wazee walitaka kuona jaribio kwa macho yao, nami nikarudia mbele yao ile shughuli ya penseli na wino. Mzee mmoja alitoa kalamu yake mwenyewe ili tusimchezee karata. Mwishowe uamuzi ukawa hivi: upande wa pili utoe ng'ombe jike mmoja na magunia mawili ya mahindi, nao warudishiwe shamba. Kwa kuwa miembe ilipandwa kwa jasho la baba, tuvune misimu miwili zaidi, na safu moja ya miembe 6 iwe ya nyanya maisha yake yote. Mtoto mkubwa wa jirani alisimama akampa baba mkono. Si kwamba kila mtu alicheka siku hiyo. Ami yangu mmoja alinuna, na mpaka leo akiniona huniita "bibi wa kamera", wala si kwa kunisifu. Muhula uliofuata nilichelewa kufika shuleni kwa wiki mbili kwa sababu baba alilazimika kuuza fahali ili kuanza kuweka akiba ya karo. Hii ndiyo sababu, kwa wale walioniuliza.

Baadaye mwalimu wetu wa Historia alinieleza kwamba jambo hili si geni duniani. Hati za kale za Bahari ya Chumvi, zilizoanza kupatikana katika mapango ya Qumran mwaka 1947, zilikuwa zimeiva weusi kiasi cha kutosomeka katika sehemu nyingi. Katika miaka ya 1950, mpiga picha Mpalestina Najib Albina alizipiga kwa filamu ya infraredi, na ngozi ikang'aa huku maandishi yakijitokeza. Wino wa waandishi wale wa zaidi ya miaka 1,900 iliyopita ulikuwa wa kaboni. Masizi tena!

Wengine huniuliza kama najuta. Nijibu bila kuficha: nilipoliona fahali letu likipakiwa kwenye lori, machozi yalinilengalenga. Lakini tangu siku ile vijana wa pande zote mbili huteka maji katika kisima kimoja cha mchanga bila matusi, na nyanya hupita kwa jirani akaombwa aketi. Ukweli ukidhihiri, uongo hujitenga. Hata maofisa wa kupima waje leo, watakuta mpaka usio na magomvi.

Basi, wanachama wenzangu, nikitia nanga niwape mawaidha machache. Ukiona kifaa cha kale nyumbani, usikimbilie kukipeleka kwa wanunuzi wa vyuma. Uliza kwanza kinafanya nini, na umwulize aliyekitumia akiwa bado hai. Zipige picha karatasi za nyumbani kwenu sasa, kabla ya wino, mchwa na panya kuzifikia. Na kabla ya kuelekeza kamera yako mahali popote penye ubishi, jiulize kama uko tayari kwa jibu lolote litakalotoka. Lenzi haijui ukoo wako wala karo yako. Mjomba ameahidi kuileta Helios yake katika siku ya chama muhula ujao, Mwalimu mlezi akiridhia. Njooni na soda nyeusi!